Mkonga baada ya masika: matengenezo ya kipupwe kwa Land Cruiser kongwe

Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania mvua huacha kuelekea mwezi Mei, na kabla tope halijakauka vizuri baridi imeshaingia. Juni na Julai kule Makete na Njombe unaamka na kukuta sakitu imelala kwenye majani na kioo cha mbele hakionyeshi kitu. Huu ndio wakati wa kulishika gari. Miezi ya tope limefanya kazi ya punda, barabara sasa zinapitika, na bado hujaingia kwenye vumbi la Septemba na Oktoba.

Ninayoandika hapa yanahusu hasa Land Cruiser HZJ75, ile mkonga (jina limetokana na lile bomba refu la kuvutia hewa) yenye springi za mabamba mbele na nyuma na injini ya 1HZ: silinda sita, sentimeta za ujazo 4,164, dizeli isiyo na tabo (turbo). Zilitoka kiwandani kuanzia 1990 hadi 1999, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa ni mtu mzima. Mwenye HZJ78 au 79 atayatumia karibu yote. Kwake tofauti kubwa ni kwamba mbele ana koili badala ya springi za mabamba. Mwenye Land Rover atachukua mpangilio wa kazi na kuacha majina ya vifaa.

Watu wengi huanza na kinachowaudhi. Gari haliwaki saa kumi na mbili asubuhi, basi betri mpya inanunuliwa, hita plagi za kupasha injini moto zinabadilishwa, hela imekwisha, na masika yaliyoingia chini ya gari yanabaki humo humo. Mimi napanga kinyume. Gari lisilowaka litakukera, lakini dawa yake mara nyingi ni ya bei nafuu. Maji yaliyoingia kwenye difu (sanduku la gia lililo kwenye akseli) hayapigi kelele hata kidogo mpaka siku beringi zinaposagika, na siku hiyo uko Bulongwa kule Makete na mzigo wa viazi. Kwa hiyo tunaanzia chini, sehemu zilizofungwa, na mambo ya asubuhi yatafuata.

Osha chini, kisha lala chini

Gari lioshwe chini siku moja kabla ya kulishika. Simaanishi kumwagia maji milango. Tope la Nyanda za Juu likikauka hushika kama saruji juu ya chesisi, nyuma ya tangi la mafuta, ndani ya chaneli za fremu na katikati ya springi, na chini yake kutu inafanya kazi mwaka mzima. Ingiza mpira wa maji kwenye matundu ya fremu na usubiri mpaka maji yanayotoka yawe safi. Kama kuna mashine ya presha, iweke mbali na sili (mipira inayozuia oili isivuje) za ncha za akseli ya mbele, krosi za propela shafti na alteneta. Presha inaweza kusukuma tope ndani zaidi ya lilipokuwa.

Kisha ngoja likauke, tandika gunia, ulale chini na tochi. Usishike spana bado. Tafuta ulowevu mpya juu ya chuma kikavu: mistari ya oili, vumbi lililonata, tairi lililolowa upande wa ndani. Chukua chaki uweke alama kila unapoona kitu. Ukimaliza utakuwa na orodha ya kazi iliyoandikwa na gari lenyewe, na fundi hatakuongezea ya kwake.

Kuhusu jeki: kabari nyuma ya tairi, stendi chini ya akseli, ndipo uingie. Jeki ya mkono peke yake haitoshi, na matofali ya kuchoma hupasuka ghafla bila kukuonya. Hili halina mjadala.

Oili za difu, giaboksi na transifa

Akseli inapotoka kwenye mwendo mrefu huwa ya moto. Ukiizamisha mtoni, hewa ya ndani inapoa ghafla na kusinyaa, na inavuta chochote kilicho karibu. Kama kipumulio cha juu ya akseli kiko wazi, itavuta hewa. Kama kimezibwa na tope, itavuta maji kupitia sili. Ndiyo maana gari lililovuka mto mara moja tu linaweza kuwa na maji ndani ilhali jingine linalovuka kila wiki ni kavu.

Fanya kazi hii asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha bila kusogezwa, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili na yatakuwa yametulia chini. Anza na plagi ya juu, ya kujazia. Ukifungua ya chini kwanza kisha ya juu ikakataa kufunguka, utabaki na difu tupu na gari lisilotembea. Ya juu ikishalegea, weka chombo cheupe chini, legeza ya chini polepole kwa vidole na uangalie matone ya kwanza. Maji matupu yakitoka kabla ya oili, yameingia karibuni. Oili yote ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshakorogwa humo kwa muda, na kumwaga mara moja hakutoshi: weka oili mpya ya bei ya kawaida, tembea siku mbili tatu mpaka ipate moto vizuri, mwaga tena, ndipo uweke oili ya kudumu.

Ute wa kijivu kwenye plagi yenye sumaku ni wa kawaida kwa gari la umri huu. Vipande vinavyong'aa ambavyo unaweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida. Hapo difu lifunguliwe kabla ya kazi nyingine yoyote.

Difu linataka oili ya daraja la GL-5, 80W-90 au 90. Kwenye giaboksi fuata kitabu cha gari, maana si kila oili ya GL-5 inapatana na shaba ya sinkronaiza, zile pete zinazofanya gia iingie laini. Jaza mpaka oili ifike ukingo wa tundu la juu na ianze kuchuruzika, gari likiwa limesimama sawa.

Kwenye magari haya kuna kioja kimoja cha kuangalia. Fungua plagi ya kujazia ya transifa, lile sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma. Oili ikifoka yenyewe, halafu ukafungua giaboksi ukakuta imepungua, hakuna aliyezidisha oili. Sili iliyo kati ya hizo mbili imechoka na oili inahama kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Unaweza kuishi nayo kwa kusawazisha mara kwa mara huku ukipanga kuishusha giaboksi, lakini usiache giaboksi ikauke.

Vipumulio vivue, vipulize, na kama unavuka mito mara nyingi vifungie mpira mrefu uupandishe mpaka ndani ya boneti. Ni kazi ya saa moja na mipira ya bei ndogo. Katika yote yaliyo kwenye mwongozo huu, sijui linalolipa kuliko hilo.

Ncha za akseli ya mbele

Hapa ndipo fundi anapokwambia, "Bosi, hii gari haina shida, tuongeze grisi tu tufunge." Usikubali mpaka umepima mwenyewe.

Pande zote mbili za akseli ya mbele kuna tufe kubwa la chuma, na ndani yake sivijointi, kiungo kinachopeleka nguvu kwenye tairi hata usukani ukikatwa, inazunguka kwenye grisi. Kati ya tufe hilo na bomba la akseli kuna sili inayozuia oili ya difu isiingie kwenye grisi. Sili hiyo ikichoka, oili inaingia, grisi inalainika, na mchanganyiko unatiririka juu ya tufe, unashuka kwenye rimu, na mwishowe unafika kwenye pedi za breki. Tufe lenye utando mwembamba wa grisi ni zima. Utando huo ndio unaozuia kutu. Tufe linalotiririka, na difu la mbele ambalo oili yake imepungua, ni sili ya ndani.

Kipimo cha kwanza: inua tairi, shika juu na chini, sukuma na kuvuta. Kukiwa na mchezo, mwambie mtu akanyage breki na uzishike breki hivyo hivyo, kisha jaribu tena. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi za tairi. Ukibaki, ni beringi za kingpini, zile mbili za juu na chini zinazobeba usukani. Watu wamebadilisha beringi za tairi mara mbili mfululizo kwa kukosa kipimo hiki cha dakika moja.

Kipimo cha pili: endesha polepole kwenye uwanja wa majani au udongo, 4x4 ikiwa imeingia, usukani umekatwa mpaka mwisho, kulia kisha kushoto. Mlio wa ka-ka-ka kutoka kwenye tairi la mbele ni sivijointi iliyolika.

Ukiamua kufungua, fungua upande mmoja kwa wakati, ili upande wa pili ubaki kuwa kielelezo chako. Vua tairi. Vua kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) uifunge kwa waya kwenye springi. Kamwe isining'inie kwa hosi yake. Vua loki ya tairi, ile ya katikati ya habu (kitovu cha tairi) inayoiunganisha na eksili, yaani shafti ya ndani ya akseli. Chini ya nati zake kuna washa za koni ambazo hukwama vibaya: usizing'oe kwa bisibisi, gonga pembeni ya habu kwa nyundo ya shaba au kwa kipande cha mbao ngumu mpaka zichomoke zenyewe. Nyoosha washa ya kufungia, toa nati mbili kubwa, habu itatoka pamoja na diski. Beringi ya nje itaruka, weka mkono. Baada ya habu kuna spindo lenye bolti nane. Vua, kisha vuta eksili polepole ukiikalisha katikati ya tundu, maana ukiikwaruza kwenye bomba unaweza kuharibu mahali sili inapokaa.

Sasa unaweza kufikia kingpini. Juu na chini kuna vipande vyembamba vya chuma, shimu, vinavyoweka kibebeo cha tairi katikati ya tufe na kukaza beringi kiasi kinachotakiwa. Hivi ndivyo vinavyopotezwa au kuchanganywa gereji. Viweke kwenye mifuko miwili iliyoandikwa JUU na CHINI, upande gani wa gari, na mtoto asiviguse. Osha beringi kwa mafuta ya taa uzitazame kwenye mwanga wa jua. Kama njia ya beringi ina vishimo vilivyojipanga, imekwisha, hata kama ukiizungusha kwa kidole inaonekana laini. Vishimo hivyo ndivyo vinavyofanya usukani uonekane kana kwamba unajishika katikati.

Futa grisi yote ya zamani, yote kabisa, hata iliyo ndani ya sivijointi. Grisi mpya iwe ya lithiamu yenye molibdenamu, ile nyeusi ya kijivu. Sindilia sivijointi kwa vidole mpaka itokee upande wa pili, kisha jaza tufe robo tatu hivi, lisijae pomoni. Badilisha sili ya ndani, sili zote za nyuma ya tufe, na washa za kufungia. Usirudishe sili ya zamani kwa kuwa inaonekana nzima. Ukishafika hapa kazi ngumu umeshaifanya, na sili ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote mezani.

Beringi za tairi: kaza nati ya ndani huku unazungusha habu ili beringi zikae, legeza, kisha kaza tena kiasi kile kilichoandikwa kwenye kitabu. Habu izunguke bila mchezo na bila uzito. Ikikazwa sana itaungua, ikilegea italika. Kunja washa juu ya nati, kisha weka nati ya pili.

Kwa beringi na sili nunua za kampuni zinazojulikana za Japani, kama Koyo, NSK au NTN, kwa muuzaji utakayeweza kumrudia. Feki zipo, na maboksi yake ni mazuri kuliko ya halisi.

Breki

Mwenye kushuka kutoka Matamba kwenda Chimala, kona 57 mfululizo, hahitaji kuhubiriwa umuhimu wa breki. Ila jambo moja lisemwe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya DOT 3 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango kinaweza kushuka mpaka 140. Kwenye mteremko mrefu breki zinapata moto, mafuta ya zamani yanachemka, yanatoa mvuke, na pedali inazama mpaka sakafuni. Zikipoa unajaribu tena, breki ziko vizuri, na fundi anasema hakuna tatizo. Badilisha mafuta yote kila kipupwe, na utoe upepo kuanzia tairi lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu kuu ya breki) ukimalizia na la karibu.

Nyuma kuna dramu, na ndani ya dramu kuna masika nzima. Legeza breki ya mkono, vua tairi. Dramu ikigoma, tafuta tundu mbili zenye uzi, ingiza bolti mbili za spana ya 12 na uzikaze kwa zamu, itasukumwa yenyewe. Usiipige nyundo ukingoni. Osha ndani kwa maji, usipulize vumbi lile kwa upepo wala kulivuta puani. Kama breki shuu zimelowa oili ya difu, sili ya habu imepita. Shuu zilizolowa zitupwe, kuzichoma kwa moto ili zikauke ni kujidanganya. Safisha skrubu ya kurekebishia, ipake grisi kidogo ya joto kali, na urekebishe mpaka dramu iguse kwa mbali.

Mipira ya kuzuia vumbi ya pistoni za kalipa za mbele itazame pia. Mpira ukichanika, tope linaingia, pistoni inashika, na pedi ya upande mmoja inaisha ilhali ya pili bado mpya.

Springi na chesisi

Hapa naenda haraka. Pitisha brashi ya waya kwenye kila bamba la springi na utafute ufa, hasa karibu na senta bolti na kwenye macho ya bamba la juu. Bamba lililopasuka libadilishwe. Likichomelewa litakatika pembeni tu ya pale lilipochomelewa, kwa sababu moto umelainisha chuma. Akseli ikionekana imerudi nyuma upande mmoja, senta bolti imekatika. Bushi za springi na za shakeli zikiwa zimeliwa, gari linayumba na watu wanalaumu stelingi boksi bure.

Chesisi itazame pale springi zinaposhikwa, pale shokapu zinapofungwa, na kuzunguka mahali stelingi boksi ilipofungwa. Ufa huanza kama mstari mwembamba wa kutu uliochuruzika juu ya rangi. Kabla ya kuchomelea chochote, chomoa nyaya za betri na za alteneta, na ujue tangi la dizeli liko wapi na lina nini.

Krosi za propela shafti zipige grisi mpaka ya zamani itoke kwenye pande zote nne. Upande mmoja ukigoma, krosi hiyo iko njiani kufa. Bodi utaifanyia kazi ukipata nafasi: mifereji ya paa na chini ya milango ndiko kutu huanzia, msasa, dawa ya kutu, redi oksaidi, rangi. Haina haraka kama vile inavyoonekana.

Kuwaka alfajiri

Sasa tumefika kwenye baridi yenyewe. Injini ya 1HZ huchoma dizeli kwanza kwenye chumba kidogo pembeni ya silinda, na chumba hicho kikiwa cha baridi dizeli haishiki moto bila hita plagi. Hita plagi moja ikifa hutaona tofauti mchana. Zikifa tatu kati ya sita, asubuhi ya Julai gari litatikisika, litatoa moshi mweupe, na utamaliza betri ukijaribu.

Usinunue zote sita kwa kubahatisha. Fungua ukanda wa chuma unaoziunganisha juu, uondoe kabisa, kisha chukua balbu ya kupimia: waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine gusa kichwa cha hita plagi moja moja. Isiyowasha balbu imekufa. Kabla ya kununua soma volti zilizoandikwa juu yake, maana magari haya yapo ya volti 12 na ya 24, na kukosea hapo ni kuziunguza siku hiyo hiyo. Zikiwa nzima zote na bado hazipati moto, fuata rilei na waya wake mnene.

Betri iliyojaa na kupumzika usiku husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Gari likiwaka, isome kati ya 13.8 na 14.4, chini ya hapo alteneta, mkanda, au vichwa vya betri vyenye ukungu mweupe. Osha vichwa kwa maji ya moto na magadi, kaza, paka grisi. Usisahau waya wa ethi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chesisi. Umekaa kwenye tope miaka yote hiyo na hakuna anayeukumbuka.

Kuna ugonjwa mmoja wa stata unaouza betri nyingi zisizo na kosa. Unazungusha ufunguo, unasikia "tik", basi. Unajaribu tena, "tik". Mara ya kumi inashika. Ndani ya solenoidi ya stata kuna vipande viwili vya shaba vinavyounganisha umeme, na vinalika kama sarafu iliyosuguliwa upande mmoja. Vipande hivyo vinauzwa peke yake. Fungua kifuniko cha solenoidi, badilisha, na uangalie pia kile kisahani kinachovigusa.

Gari likilazimika kupampiwa kwa mkono juu ya filta ya dizeli kila asubuhi, hewa inaingia mahali fulani usiku na dizeli inarudi tangini. Kagua mipira na klipu zake kabla hujaelekeza kidole kwenye pampu. Legeza koki ya chini ya filta, pampu mpaka maji yaliyokaa yatoke na dizeli safi ifuate. Tangi lililojaa nusu usiku wa baridi hutengeneza unyevu ndani, kwa hiyo jaza jioni badala ya asubuhi, na kama unanunua dizeli ya madumu barabarani, chuja.

Zile dawa za kupuliza kwenye mkonga ili gari liwake, usiziguse kwenye injini yenye hita plagi. Zinawaka kabla ya wakati wake na zinaweza kuvunja pistoni. Oili ya injini, 15W-40 ya kawaida inatosha kwa baridi yetu; muuzaji akikuambia unahitaji oili maalumu ya kipupwe, mshukuru uondoke.

Joto, mkanda na vumbi linalokuja

Mafundi wengi wakisikia gari linachemsha hutoa themostati na kuitupa. Kwa mtu wa Njombe hiyo ni hasara mara mbili. Injini haifiki joto lake, inakula dizeli, inatoa moshi, na silinda zinalika. Na chanzo cha kuchemsha kinabaki: mara nyingi ni mapezi ya rejeta yaliyojaa tope na mbegu za majani. Osha ukitokea upande wa injini kwenda nje, maji ya kawaida bila presha kali.

Kifuniko cha rejeta kina kazi kubwa zaidi huku juu kuliko Dar es Salaam. Kwenye mita 2,000 maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kifuniko kizima hushikilia shinikizo na kukipandisha kiwango hicho kupita 100 kwa mbali. Chenye mpira uliokauka kinakuacha na 93 zako. Weka kulanti nusu kwa nusu na maji safi, hata kama huogopi barafu, kwa ajili ya kutu ya ndani.

Taiming belti ya 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kuna taa ya kukukumbusha. Lakini kwenye gari la umri huu nani anaiamini spidomita? Kama hujui ilibadilishwa lini, ibadilishe sasa. Ni mkanda mfupi, unatoka puli ya pampu ya dizeli kwenda kwenye kamshafti, na huhitaji kuvua puli ya kranki. Badilisha na beringi yake ya kukazia. Kabla hujafunga kifuniko, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili na uhakikishe alama zimerudi palepale. Mkanda ukikatika gari likitembea, vali zinakutana na pistoni. Andika tarehe na kilomita kwa rangi ndani ya kifuniko.

Moshi mweusi kidogo kwenye mlima ni wa kawaida: kwenye mita 2,000 hewa imepungua kwa karibu moja ya tano na injini hii haina tabo. Fundi asiongeze skrubu ya pampu ili kukupa nguvu. Utapata moshi zaidi na joto zaidi.

Halafu vumbi. Vua filta ya hewa, weka tochi ndani yake gizani. Nuru ikipenya kama nukta, filta imetoboka. Pitisha mkono ndani ya mpira unaotoka kwenye filta kwenda injini. Ukitoka na vumbi, hewa inaingia bila kuchujwa, na injini inasagwa hata kama filta ni mpya. Angalia pia maungio ya mkonga wenyewe. Kuna magari yenye mkonga mrefu wa kuvutia uliofungwa kwa gundi iliyopasuka, yanavuta hewa kutoka kwenye tairi la mbele.

Safari ya kwanza

Usianze na mzigo. Nenda kilomita ishirini thelathini za udongo, ingiza 4x4 kwenye njia laini na si kwenye lami, kisha simama bila kutumia breki sana na uguse kila habu kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu ni sawa. Inayokufanya uondoe mkono ina beringi iliyokazwa mno au breki iliyoshika. Rudi, kaza nati za tairi, tazama chini kama kuna tone jipya kwenye alama zako za chaki. Baada ya kilomita mia tano hivi rudia kukaza U-bolti za springi, kwa sababu springi zilizofunguliwa hukaa upya, na upime tena kiwango cha oili kwenye difu la mbele. Kikiwa palepale, sili imeshika.